Wifi Mwepesi Atasimikwa Ijumaa

Mkuu wa shule ile alikuwa na kalamu nyekundu iliyoogopwa kuliko fimbo. Kabla ya kupanda cheo alifundisha sarufi miaka kumi na tisa, na wanafunzi wakambandika jina la Mama Upatanisho. Si kwamba aliwahi kupatanisha watu wawili waliogombana, la hasha; ila hakuweza kulala nomino na kivumishi vikiwa vimenuniana. Mwalimu akimletea barua ya kuomba ruhusa ya kwenda msibani, aliisahihisha kwanza, pole ikafuata. Inasemekana kuna mmoja aliyelikuta kaburi la babu yake limeshaota majani kwa sababu ya koma moja. Ushahidi hatuna, lakini shaka pia hatuna.

Mbele ya kalamu hiyo, Jumatatu asubuhi, alisimama mtunza chumba cha kompyuta na barua yake mkononi. Alikuwa na miaka ishirini na mitano, na shule nzima ilimwita Dada Mitambo. Miezi yake mitatu ya majaribio ilikuwa inakwisha Ijumaa. Siku hiyo, saa nne, mwenyekiti wa bodi angekuja kukagua chumba. Kompyuta zote kumi na nne zikinasa mtandao, Dada Mitambo anaajiriwa na kupewa kile chumba kidogo nyuma ya stoo kiwe makazi yake. Zisiponasa, anarudi moja kwa moja kulala kwenye kochi la kaka yake, ambako mke wa kaka hupitisha ufagio chini ya kochi alfajiri, akigonga kila mguu wa kochi kwa zamu, huku akisema samahani wifi, sikujua bado umelala. Mtu mwenye wifi wa aina hiyo nyumbani hutia bidii kuitafuta wifi ya aina nyingine kazini.

Barua yake ilikuwa ya mstari mmoja. Ilisema: “Naomba ruhusa ya kujenga na kusimika wifi nyepesi ya shule katika chumba cha kompyuta.”

Alieleza kwa mdomo yale ambayo barua haikubeba. Kompyuta zile zilikuwa kongwe, na programu iliyosimamia mtandao ndani yake ilikuwa nzito kama kiongozi asiyeweza kwenda msalani bila msafara. Ikiamka, inaamsha wapambe, wapambe wanaamsha matarishi, na kabla hata haijautafuta mtandao, kompyuta imeshazimia. Lakini ipo programu nyingine, ndogo, isiyo na wapambe, inayofanya kazi moja tu: kuutafuta mtandao na kuushika. Tatizo ni kwamba kwa kompyuta za umri ule hakuna tena anayeitoa ikiwa tayari. Inabidi uchukue msimbo chanzo, yaani maandishi yenyewe ya programu kama yalivyotoka kwa waandishi wake, uijenge mwenyewe. Ni kama dukani kukosa unga ukapewa nafaka: kinu unacho, saga.

Mkuu hakuwa amesikia hata neno moja. Kalamu ilikuwa imesimama juu ya barua kama mwewe juu ya kifaranga.

“Wifi ni mtu,” alisema.

“Hapa ni mtambo, Mkuu.”

“Wifi ni dada wa mume, au mke wa kaka. Ni kiumbe hai. Kwa hiyo si nyepesi, ni mwepesi. Si ya shule, ni wa shule.”

“Ni kweli, Mkuu, lakini hii wifi…”

“Huyu.”

“Huyu wifi hana hata miguu, Mkuu.”

“Nyoka naye hana miguu, na tunasema huyu nyoka.”

Kwa hoja hiyo hata mwanasheria angekusanya makabrasha yake akaenda zake. Kalamu ikashuka mara mbili, barua ikavuja damu, na Dada Mitambo akaambiwa aendelee na kazi; barua ingepelekwa kwa Makamu wake atangaze. Alitoka akijiambia kwamba kuna watu wanaoweza kuiona nyumba inaungua wakauliza kwanza kama moto ni wa ngeli gani.

Msimbo wenyewe alikuwa ameshaupakua mjini na kuubeba kwenye flashi iliyoning’inia shingoni kama hirizi. Jumanne alikaa mbele ya kompyuta namba moja, akafungua faili la maelekezo na kulisoma lote, jambo ambalo mafundi wengi huliona ni la wanawake na waoga. Kisha akaamuru matayarisho. Kompyuta ikajikagua, ikaguna, ikakataa: kuna maktaba inayokosekana.

Wakati huo huo Makamu alikuwa mlangoni. Huyu alijulikana kwa jina la Naam, kwa kuwa ndilo neno pekee ambalo Mkuu aliwahi kulisikia kinywani mwake. Alikuwa na desturi ya kuchungulia kila chumba na kutoa ushauri kabla ya kuombwa. Alipoelezwa kuwa maktaba haipo alisikitika sana, akamwonyesha Dada Mitambo kwa kidole, kupitia dirishani, kwamba maktaba ipo, ile pale mkabala na jiko, ila funguo anazo mwalimu wa zamu. Dada Mitambo alimshukuru. Hakumweleza kwamba maktaba anayoitafuta ni furushi la vipande vya msimbo ambavyo programu huazima kwa wenzake. Maisha ni mafupi, na mengine hupotea bure kwenye maelezo.

Kwa bahati furushi lile alilibeba pia. Aliliweka, akarudia matayarisho, yakapita. Akaamuru ujenzi wenyewe. Mistari ikaanza kupanda kwenye skrini, mmoja mmoja, kwa mwendo wa kobe mwenye mawazo. Feni ya kompyuta ikalia kama mtu anayepuliza uji. Kulikuwa na maonyo mawili matatu, ya kunung’unika tu. Baada ya dakika arobaini na tano mistari ilisimama na hapakuwa na kosa. Akaamuru programu isimikwe mahali pake, akaiamsha, akaiuliza inaona mitandao gani. Ikajibu palepale, kama aliyekuwa akingoja kuulizwa: inauona wa shule. Akaandika nenosiri. Sekunde tatu, kompyuta ile ambayo mwezi mzima ilizirai kila ikiguswa ilikuwa imenasa.

Hakupiga kelele. Alijinyoosha tu, akakizungusha kiti chake mara moja, duara kamili, kama mtu mwenye nyumba.

Jumatano, wenzake walipokuwa gwarideni wakisikiliza matangazo, yeye alikuwa chumbani akihamishia kazi yake kompyuta namba mbili. Saa sita mlinzi wa geti akaja kusimama mlangoni na kofia mkononi. Mlinzi yule alikuwa mzee wa heshima ambaye hakuwahi kuvua kofia isipokuwa kwa jeneza.

“Pole, binti yangu,” akasema.

“Ya nini, mzee?”

“Ya nafasi yako. Kapewa wifi wa Mkuu. Wametangaza asubuhi, Ijumaa anakalishwa rasmi.”

Dada Mitambo angeweza kudhani mzee kasikia vibaya, kwa maana sikio lake la kushoto lilikwisha kustaafu. Lakini mzee hakuwa amefika hata nusu ya njia ya kurudi getini wakati mama mmoja aliyevaa kitambaa kinachong’aa alipoingia chumbani bila hodi, na futi ya fundi cherehani shingoni. Alikuwa mke wa kaka yake Mkuu. Watoto wa jirani wanaosoma pale walikuwa wamekimbia kwake wakati wa mapumziko kumpa hongera. Akapima madirisha yote mawili kwa ajili ya mapazia, akaandika vipimo kiganjani. Kisha akakaa kwenye kiti cha Dada Mitambo.

“Hii kiti inazunguka?” akauliza.

Upatanisho, inaonekana, hauambukizwi kwa ndoa.

“Kinazunguka, shangazi.”

Akazunguka. Alipotosheka akauliza hizi televisheni huwa zinawashwa saa ngapi. Dada Mitambo akamjibu kwa adabu kwamba huwa zinawashwa asubuhi, na kuzimwa jioni. Mama yule akasema kazi basi si ngumu, na hakuelewa kwa nini wifi yake alikuwa akilalamika kila siku kwamba watu wa kompyuta hawapatikani.

Dada Mitambo alikwenda ofisini kwa Mkuu. Hakuuliza moja kwa moja. Aliuliza kama kuna badiliko lolote kuhusu Ijumaa. Mkuu aliifunika kalamu yake. Akasema tangazo limeshatoka, tangazo likishatoka limetoka, na kwamba tangu asubuhi wamepita ndugu wengi kushukuru. Kisha akamwomba afunge mlango, kwa nje.

Hapo ndipo dharau, ambayo Dada Mitambo alikuwa akiivumilia kidogo kidogo kwa miezi mitatu, ilipommwagikia yote kwa mpigo. Miezi mitatu ya kufuta vumbi, ya kuitwa mtu wa televisheni, halafu kiti kinapewa anayekiita hii. Alimaliza kazi. Alhamisi yote alijenga na kusimika hadi namba kumi na nne, na kila moja ikanasa. Ila aliacha kitu kimoja.

Ieleweke kwamba hakuharibu chochote. Programu nzito ya zamani alikuwa ameilaza kwa kazi ya siku ile tu. Hakuandika ule mstari mmoja unaoiambia isiamke tena maishani. Kompyuta zikizimwa na kuwashwa upya, ya zamani ingeamka na wapambe wake, mpya nayo ingeamka, na zote mbili zingeirukia antena ileile. Fahali wawili zizi moja. Mtandao ungeshikwa, ungeachwa, ungeshikwa, ungeachwa, mbele ya mwenyekiti wa bodi na mapazia mapya. Shangazi angebonyeza kila kitufe hadi kidole kiote sugu.

Akazima zote kumi na nne, taratibu, kwa mkono mwepesi wa mtu anayefunika wafu. Akaenda zake.

Ijumaa saa moja na robo alifika na begi lake ili achukue vitu vyake: kikombe, kandambili na kamusi. Mlinzi alimpokea begi kwa huzuni rasmi. Njia ya kwenda chumba cha kompyuta inapita kwenye ubao wa matangazo, na kwa kuwa ilikuwa siku yake ya mwisho, alisimama kuusoma, kama anavyosoma mtu asiye na haraka ya kufika anakokwenda.

“Ijumaa, saa nne asubuhi,” lilisema tangazo la Makamu, “wifi mwepesi wa Mkuu wa Shule atasimikwa katika chumba cha kompyuta. Wote mnaombwa kuwa nadhifu.”

Chini yake, kwa uaminifu wa mtu anayeweka kila karatasi pamoja na mama yake, Makamu alikuwa amebana barua ya asili. Dada Mitambo akauona mwandiko wake mwenyewe. Akaiona nyepesi iliyokatwa, na mwepesi aliyewekwa juu kwa wekundu. Akaiona ya iliyogeuzwa kuwa wa. Akauona na mchango wa Makamu, kwa penseli, wenye adabu: neno kujenga limefutwa, maana mtu hajengwi, neno kusimika limebaki, maana watu husimikwa, machifu na maaskofu, na palipoandikwa wa shule ameongeza maneno mawili, maana shule haijaolewa popote, itakuwaje na wifi?

Alisoma mara mbili. Mara ya tatu ilimbidi aushike ubao.

Hakuna aliyemnyang’anya kazi. Hakuna aliyempendelea yeyote. Kiti chake kilikuwa kimetolewa na kiambishi. Mkuu alilijua kosa tangu Jumatano, na njia ya kulirekebisha ilikuwa moja tu, kusema kwamba alikosea upatanisho, na kwake ilikuwa nafuu kuuajiri ukoo mzima kuliko kulitamka hilo. Na jambo lingine: hapakuwa na barua ya ajira ya mtu yeyote bado. Mwenyekiti ndiye wa kutia saini, saa nne, baada ya kuona kompyuta.

Kompyuta ambazo yeye, kwa mikono yake, alikuwa amezitegesha zisifanye kazi.

Mlinzi anasema hakuwahi kuona mtu akikimbia na kiatu kimoja mkononi namna ile. Kila kompyuta ilihitaji kuwashwa, kungojwa izinduke, kuandikiwa mstari wa kuistaafisha programu ya zamani, na kuwashwa upya ili kuhakikisha. Dakika saba, nane; kwa mashine zenye hasira, dakika kumi na moja. Alikuwa akiziwasha tatu tatu, akiruka toka kiti hiki hadi kile kama mpishi mwenye masufuria mengi. Saa tatu na nusu kumi na tatu zilikuwa zimenasa, kimya, bila wapambe.

Ya kumi na nne ilikuwa ile ya mbele, ambayo Makamu alikuwa ameifunika kitambaa cha meza na kuiwekea maua ya plastiki juu. Dada Mitambo aliitazama. Muda ulikuwepo. Alirudi nyuma hatua moja, akakunja mikono, akaiacha kama ilivyo.

Saa nne mwenyekiti wa bodi akaingia. Alikuwa mzee mfupi mwenye mkoba mkubwa, na sura ya mtu aliyekatizwa jambo la maana. Nyuma yake Mkuu, nyuma ya Mkuu Makamu, na nyuma ya Makamu shangazi, aking’aa. Mapazia yalikuwa mkononi mwake yamekunjwa. Wanafunzi walijaa madirishani, nadhifu kama walivyoombwa. Makamu alisema maneno ya kukaribisha ambayo hakuna aliyeyakumbuka, hata yeye.

Mwenyekiti akasema ameambiwa kuna wifi mpya, na angependa kuiona inafanya kazi.

Makamu akamwonyesha shangazi kwa mikono yote miwili. Shangazi akasogea, akainama kidogo kwa heshima, akaketi kwenye namba kumi na nne, akaondoa maua, akabonyeza kitufe kikubwa. Kompyuta ikaamka. Mtandao ukashikwa. Watu wakataka kupiga makofi, mtandao ukaachwa. Ukashikwa. Ukaachwa. Shangazi akabonyeza kitufe kingine, na skrini ikageuka juu chini, kitu ambacho hata Dada Mitambo hakujua kinawezekana.

Mwenyekiti alitazama saa yake, kisha akamtazama Mkuu. Akauliza kama kuna mtu yeyote humu ndani anayekielewa kitu hiki, au wamemwita kuangalia maua.

Dada Mitambo akasogea kutoka ukutani.

“Itategemea ngeli, Mkuu,” akasema kwa upole wa muuguzi. “Kama wifi ni mtu, mwambieni mwenyewe ajiunganishe, nadhani anasikia. Kama ni mtambo, nipisheni dakika nane.”

Mkuu alimwangalia. Aliiangalia skrini iliyosimama kichwa chini. Aliwaangalia wanafunzi, mia moja na zaidi, ambao kila mmoja wao aliwahi kukatwa alama na kalamu ile. Watu wamekiri uhaini kwa urahisi zaidi.

“Ni mtambo,” alisema.

“Samahani, Mkuu, huku nyuma hatukusikia,” ikasema sauti ya mwanafunzi.

“Wifi hii,” alisema Mkuu wa shule, na kila silabi ikatoka kama jino, “ni mtambo. Ni nyepesi. Ya shule.”

Dirishani mtu alivuta pumzi, na pumzi hiyo ikaenea. Shangazi akageuka kwenye kiti kinachozunguka, taratibu, hadi akamkabili wifi yake.

“Kwa hiyo mimi leo ni hii?” akauliza.

Hakungoja jibu. Alisimama, akakusanya futi yake, akamwambia Mkuu kwamba watazungumza nyumbani, mbele ya kaka, akatoka akiwa amenyooka kuliko alivyoingia. Na ni haki kusema kwamba katika wote waliosimama mbele pale, yeye peke yake hakuwa amekosea chochote isipokuwa ngeli ya kiti.

Dada Mitambo aliketi. Aliigeuza skrini, akaandika mstari wake mmoja, akawasha upya. Programu ya zamani haikuamka. Mpya ikaamka peke yake, ikaushika mtandao, haikuuachia. Mwenyekiti akazipita kompyuta zote kumi na nne akibonyeza hapa na pale, akauliza nani alijenga hii, akajibiwa, akauliza alijifunzia wapi, akajibiwa kwamba kwenye faili la maelekezo. Akasema hamfahamu mtu mwingine aliyewahi kulisoma. Kwa nini namba kumi na nne peke yake ilisumbua hakuuliza, na Dada Mitambo hakuona sababu ya kumchosha mgeni.

Barua ya ajira iliandikwa palepale, na Mkuu mwenyewe. Mwenyekiti akatia saini, Makamu akagonga mhuri. Dada Mitambo akaipokea kwa mikono miwili na kuisoma. Ilisema anaajiriwa kuwa mtunza kompyuta kumi na nne wanaofanya kazi vizuri.

Aliisoma tena. Wanaofanya.

Alingoja kwanza mhuri ukauke. Kisha akanyoosha mkono juu ya meza, akaazima kalamu nyekundu.